Kabla Hujanunua Mashine ya Vidole

Msomaji mmoja wa Igoma kaniandikia: "Dada, nina ofisi ya uhasibu, vijana wanachelewa na kazi haziishi. Ninunue mashine gani ya alama za vidole?" Najua mko wengi mnaofungua ofisi za namna hii hapa Mwanza, na wote mnataka kukua kama nilivyokua mimi, kwa hiyo namjibu mbele yenu.

Usinunue.

Mashine hiyo naijua. Nilikuwa afisa rasilimali watu kwenye ofisi moja ya wahasibu hapa mjini. Bosi aliifunga mlangoni na kweli watu wakaanza kuwahi. Mtu anaweka kidole saa mbili kasoro, anawasha kompyuta, chai hadi saa nne.

Juni moja, mwezi wa mwisho wa kupeleka ritani za kodi kwa kampuni zinazofunga hesabu Desemba, kijana wetu alikuwa na vitabu vya mfanyabiashara wa sangara. Urari, yaani pande mbili za hesabu zinazotakiwa kulingana, umegoma kwa milioni 63. Kila akishika kalamu, bosi anamwita: lete faili lile, mpigie yule, maji ya kunywa yameisha. Akirudi anaanza upya kutoka juu. Siku mbili hivyo. Siku ya tatu bosi akaenda benki, ofisi ikatulia. Wahasibu wanajua: tofauti ikigawanyika kwa tisa, tafuta tarakimu zilizopinduka. Haikufika hata saa moja akaipata, milioni 18 ilikuwa imeandikwa 81. Kwenye ripoti ya mashine, siku zote hizo kijana alionekana mchapakazi.

Nikaandika mapendekezo. Asubuhi isiwe ya kuitanaitana, ada za mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, zilipwe na ofisi, mteja akisifu kazi basi aliyeifanya aambiwe. Nikaambiwa nimeleta mambo ya vitabuni. Vitabuni! Peter Drucker, mwandishi wa mambo ya uongozi wa kazi, alianza kuandika habari za watu wanaofanya kazi kwa kichwa mwaka 1959, sisi bado tunahesabu vidole. Karatasi zangu nilizikuta chini ya birika la chai. Inaniuma hadi leo, siwafichi.

Ya katikati tuyaache. Sasa nina ofisi yangu, na hadi saa tano asubuhi haitwi mtu. Simu za wateja napokea mimi. Mwezi huu binti niliyemlipia mitihani ya NBAA amepata CPA, cheti cha mhasibu kamili. Bado yuko nami, na wale wa ofisi ya zamani wananipigia kuuliza watu wa aina hii nawatoa wapi.

Jamani waajiri, tubadilike. Mhasibu, mwanasheria, mchoraji wa majengo, wote wanauza akili. Mpe utulivu afanye kazi. Narudia, mpe utulivu. Mpe na likizo yake: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema siku 28 zenye malipo, na kazi ya kawaida isizidi saa 45 kwa wiki. Anayechelewa muulize anakoishi. Akitoka Kayenze, msogezee saa ya kuingia na ya kutoka.

Mtaniuliza, nikimlipia ada akaondoka je? Mimi naandikiana naye mapema: akifaulu anabaki mwaka mmoja, au anarudisha sehemu ya ada. Tunasaini kabla sijalipa hata shilingi.