Spika za Dynaco A-25 na amplifaya ya valvu: nianzie wapi?

SWALI: Ndugu mtaalamu, ninaishi Tanga. Marehemu baba alituachia jozi ya spika za Dynaco A-25 alizozinunua Denmark alipokuwa masomoni katika miaka ya 1970. Maboksi bado ni imara, ila sauti kali za spika ya kushoto zimefifia. Fundi mmoja ananishauri nibadilishe twita zote mbili (spika ndogo za sauti kali) kwa za kisasa, niweke kapasita (vifaa vinavyochuja umeme unaokwenda kwenye twita) za bei ghali, na nizibe lile tundu la mbele lililojazwa pamba ili besi iongezeke. Wakati huohuo nimepata mtu anayeniuzia amplifaya ya valvu (taa za kioo za kukuzia sauti) aina ya 300B, yenye wati 8 kila upande. Sebule yetu ina mita 4 kwa 5, na tunapenda kusikiliza dansi na taarabu. Je, spika hizi na amplifaya hiyo vitapatana?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na jambo linalonitia wasiwasi zaidi: tafadhali usimruhusu mtu yeyote azibe tundu hilo, wala asiondoe kilichomo ndani yake. Hiyo si pamba ya kujazia tu. Ni nyuzi za kioo zilizobanwa kwa kipimo maalumu ili hewa ya ndani ya boksi ipite kwa shida, na shida hiyo ndiyo kiini cha muundo mzima wa A-25.

Kila wufa, yaani spika kubwa ya besi, ina masafa (idadi ya mitikisiko kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi) ambayo koni yake hutikisika kwa wepesi kuliko masafa mengine. Katika boksi lililofungwa kabisa, impedansi ya spika, yaani ukinzani wake kwa mkondo unaopimwa kwa omu, hupanda sana kwenye masafa hayo, na spika iliyoandikwa omu 8 inaweza kufika omu 30 au zaidi. Nyuzi za A-25 hula sehemu ya nguvu ya mtikisiko huo, hivyo kilele hicho hupungua na impedansi hubaki karibu tambarare kuliko ilivyo kwa spika nyingi za rika lake. Ukiziba tundu, kilele kitarudi. Na kama utakavyoona hapa chini, amplifaya za valvu ndizo zinazoumizwa zaidi na kilele hicho. Kwa hiyo spika ulizorithi tayari zina sifa ambayo wanunuzi wengi wa amplifaya za valvu huitafuta kwa gharama kubwa.

Kuhusu sauti kali zilizofifia, usinunue chochote kabla ya kupima. Kwanza, badilishana nyaya za kushoto na kulia kwenye amplifaya uliyo nayo sasa. Tatizo likihamia upande wa pili, basi spika yako haina kosa na kinachohitaji fundi ni amplifaya. Likibaki kwenye spika ileile, geukia swichi iliyoko nyuma ya boksi, ile ya kupandisha na kushusha sauti ya twita. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, na vijiti vya swichi ya miaka hamsini ambayo haiguswi huota kutu ya kijani inayozuia mkondo. Zima amplifaya, zungusha swichi hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho mara nyingi, kisha usikilize. Sauti ikirudi, hata kama ni kwa kukatikakatika, umempata mkosaji: inatosha kuipulizia dawa ya kusafishia swichi za umeme na kuizungusha tena.

Swichi isipokuwa na kosa, anayefuata kushukiwa ni kapasita. Zilizofungwa kwenye spika nyingi za enzi hiyo ni za elektroliti zisizo na chanya wala hasi, na kwa miaka mingi huwa zinakauka, ukinzani wake wa ndani hupanda, na twita hupata umeme mdogo kuliko inavyostahili. Hapa nakubaliana na fundi wako kwamba zibadilishwe, ila sikubaliani naye kuhusu bei. Soma thamani iliyoandikwa kwenye kapasita ya zamani, ununue ya filamu yenye mikrofaradi zilezile, na ubadilishe za spika zote mbili kwa pamoja ili kushoto na kulia zilingane. Wati 35 za amplifaya nitakayoipendekeza hapa chini, kwenye omu 8, ni chini kidogo ya volti 17, kwa hiyo kapasita ya volti 100 ina nafasi ya kutosha. Za volti 630 zinazouzwa kwa sifa nyingi hazitakuongezea chochote isipokuwa ukubwa na gharama. Ukiona baada ya hapo twita imekuwa kali kupita kiasi, ni kwa sababu kapasita ya filamu ina ukinzani mdogo wa ndani kuliko ile ya zamani hata ilipokuwa mpya. Rezista (kifaa cha kupunguza mkondo) ya nusu omu hadi omu moja, yenye uwezo wa wati 5, ikiungwa kwa mfululizo na kapasita hiyo, itakurudishia uwiano uliokusudiwa. Unapofungua boksi vaa glavu na kitambaa cha kufunika pua, kwa maana nyuzi za kioo huwasha ngozi na si nzuri kwa mapafu. Unaporudisha wufa hakikisha inakaa bila mwanya wowote wa hewa pembeni.

Twita za kisasa sizishauri. Twita ya A-25 ni ya kuba laini kutoka kampuni ya SEAS, na krosova ya spika hii (saketi inayogawa sauti kati ya wufa na twita) ni rahisi mno: inategemea tabia ya asili ya wufa na twita hizohizo ili sauti zikutane vizuri karibu na hezi 1,500. Twita nyingi za leo hazikuundwa kushuka hadi chini hivyo kwa krosova nyepesi. Zitapiga kelele, au zitaungua. Ikiwa mita ya fundi ya kupimia umeme itaonyesha kwamba koili (waya uliozungushwa) ya twita imekatika, tafuta twita ileile iliyotumika, hata kama itachukua muda kuipata.

Sasa tuje kwenye amplifaya. Ninaelewa mvuto wa 300B, na katika mfumo unaoifaa huipa sauti ya mwimbaji uhai ambao ni vigumu kuueleza. Lakini A-25 ni spika nzito kuendesha: unyeti wake, yaani ukubwa wa sauti inayotoka kwa kila wati, uko karibu na desibeli 85 kwa wati moja, umbali wa mita moja. Kila unapozidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, na ukizidisha mara kumi unapata desibeli 10. Wati 8 zitakupa takriban desibeli 94 kwa mita moja, na ukikaa nyuma zaidi zinapungua. Kwa taarabu ya sauti ya wastani usiku zinaweza kutosha, lakini bendi ya dansi yenye tarumbeta, ngoma na gitaa la besi vikiingia kwa pamoja itaifikisha amplifaya ukingoni, na hapo sauti huanza kukwaruza. Mwenye spika za honi zenye unyeti wa desibeli 95 anapata kwa wati 3 na nusu sauti ileile ambayo wewe utaipata kwa wati 35. Amplifaya hiyo si mbaya, ila ni ya spika za namna nyingine.

Kuna sababu ya pili, na ndiyo inayohusiana na lile tundu. Amplifaya za 300B aghalabu hazina mrejesho (sehemu ya sauti inayotoka kurudishwa mwanzoni ili kusahihisha makosa), kwa hiyo impedansi yake ya kutolea sauti ni kubwa. Tuchukue mfano wa omu 3: spika ambayo impedansi yake hucheza kati ya omu 6 na omu 30 itabadilishiwa mlingano wa sauti kwa karibu desibeli 2.7, yaani besi itavimba pale penye kilele na kupungua kwingineko. Amplifaya yenye impedansi ya nusu omu itaibadilisha spika hiyohiyo kwa nusu desibeli tu. A-25 yako isiyozibwa tundu itaathirika kidogo kuliko mfano huu, lakini ikizibwa utausikia wazi kwenye kila noti ya gitaa la besi.

Kwa hiyo pendekezo langu ni amplifaya ya pushi-pulu, yenye valvu mbili za kutolea sauti kila upande pamoja na mrejesho wa wastani. Dynaco wenyewe walikuwa na Stereo 70, iliyotoka mwaka 1959, ikitumia EL34 nne na kutoa wati 35 kila upande, na hadi leo naiona kuwa mwenza wa haki wa A-25. Ukiipata, jua mambo mawili. Valvu zake za 7199 za mwanzo sasa ni adimu na ghali, ndiyo maana nyingi zimebadilishiwa bodi ili zitumie valvu nyingine, na hilo si dosari kazi ikifanywa vizuri. Pili, bayasi yake (mkondo unaopita kwenye valvu hata kukiwa kimya) hupimwa kwenye rezista ya omu 15.6, ambapo volti 1.56 maana yake ni miliampia 100 kwa valvu mbili, yaani 50 kwa kila moja. Usinunue kabla ya muuzaji kukuonyesha kipimo hicho kwenye mita kwa pande zote mbili, amplifaya ikiwa imewaka kwa angalau dakika 20. Ndani yake kuna zaidi ya volti 400, na kapasita zake kubwa hubaki na chaji hata baada ya kuzimwa. Kipimo hiki na kisimamiwe na fundi aliyezoea valvu.

Stereo 70 zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani zilikusudiwa volti 117, wakati hapa umeme ni volti 230 na hezi 50. Transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa VA 500 (volti mara ampia) itamaliza suala la volti, lakini haibadilishi hezi, na transfoma ya ndani iliyoundwa kwa hezi 60 pekee itapata joto zaidi kwenye hezi 50. Uliza hilo kabla ya kulipa. Ukipendelea kuepuka usumbufu huo, amplifaya za Uingereza kama Leak Stereo 20, yenye takriban wati 10 kila upande, au jozi ya Quad II zenye wati 15 kila moja, zilitengenezwa kwa umeme unaokaribiana na wetu. Wati zake ni chache kuliko ningependa kwa A-25, lakini kwa sebule ya mita 4 kwa 5 na msikilizaji asiyepandisha sauti sana, Quad II zitafanya kazi kwa heshima. Kwa kuwa umeme hupanda na kushuka, weka na stabilaiza, kwani nyuzi za kupasha joto za valvu nyingi za amplifaya hizi zinataka volti 6.3 na hazistahimili kuzidishiwa kwa muda mrefu.

Unganisha spika kwenye tundu la omu 8 la nyuma ya amplifaya, na usiwashe kamwe amplifaya ya valvu bila spika kuunganishwa, kwani transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua mara moja. Fedha ulizotenga kwa twita na kapasita za kifahari zihamishie kwenye amplifaya, lakini kazi ya kwanza wiki hii iwe ile swichi ya nyuma.