Mchuzi wenye kitunguu nusura uniulie paka, msichukulie poa mabaki ya mezani

Mkuu umeuliza kama mabaki ya mezani yana shida kwa paka na mbwa, maana wa kwako wanakula miaka yote na hawajawahi kuugua. Nakujibu kama mtu aliyekuwa anawaza hivyohivyo.

Paka wangu aligoma kula chakula chake, mi nikaona nimsaidie, nikawa namwagia mchuzi wa nyama kwa juu asubuhi na jioni. Anakula mpaka analamba sahani, nikafurahi kweli. Vipande vya vitunguu nilikuwa navitoa kimoja kimoja nikajua nimemaliza kazi. Siku ya tano hivi akawa analala tu, hapandi kiti, akitembea hatua mbili tatu anahema kama katoka mbio, mkojo ukawa wa kahawia, nikamfunua mdomo nakuta fizi zimepauka kabisa. Nikambeba mbio kwa daktari wa mifugo, swali la kwanza "anakula nini?", nilivyotaja tu mchuzi akaniuliza palepale kama una kitunguu.

Iko hivi: kitunguu kinaharibu chembe nyekundu za damu, zinapasuka haraka kuliko mwili unavyotengeneza mpya. Kupika hakusaidii, na ile sumu inaingia kwenye mchuzi wenyewe kwa hiyo kutoa vipande ni kazi bure. Kitunguu saumu ni ukoo huohuo na ni kikali zaidi, cha unga ndo usiseme maana kijiko kimoja kimebeba kingi. Paka anaumia kwa kidogo sana, gramu 5 kwa kila kilo ya uzito wake zinatosha, yaani paka wa kilo 4 ni gramu 20, haifiki hata robo ya kitunguu cha saizi ya kati. Mbwa anahimili zaidi ila naye hayuko salama. Na dalili zinachukua siku kadhaa, ndo maana mtu anakwambia "jana kala na yuko fiti". Dawa ya kuifuta hiyo sumu haipo, wangu aliwekewa dripu, oksijeni na damu, zikapita kama wiki tatu ndo akawa yule ninayemjua.

Kuhusu hoja yako kwamba wako hawajaugua, angalia zabibu, mbichi au kavu. Mbwa mmoja anakula na hapati kitu, mwingine anakula chache tu figo zinafeli, na huwezi kujua wako ni yupi mpaka yamtokee. Chokoleti kadiri inavyokuwa nyeusi na chungu ndo mbaya, unga wa kakao mbaya zaidi, moyo unaenda mbio mpaka degedege. Ila kinachonitisha kuliko vyote kwa mbwa ni zailitoli, ile sukari mbadala ya kwenye bablishi na pipi zisizo na sukari, siku hizi hata siagi za karanga nyingine wanaweka. Soma pakiti, wakati mwingine inaandikwa E967. Ndani ya nusu saa sukari ya mbwa inaweza kushuka mpaka akaanguka, akipona hapo ini linaweza kufuata. Mifupa iliyopikwa nayo acha, inavunjika vipande vyenye ncha. Kama una kasuku usimpe parachichi kabisa.

Na tafadhali akishakula kitu usimnyweshe maji ya chumvi atapike, chumvi yenyewe ni sumu, na maziwa hayakati chochote. Parasetamoli usimpe paka hata kipande, inaharibu damu hivyohivyo na inaua. Piga simu kwa daktari, beba pakiti, mwambie kala kiasi gani na saa ngapi.

Kama wiki hii umewapa chochote chenye kitunguu, leo hii wafunue mdomo uangalie fizi. Kama ni za pinki endelea kuwaangalia siku kadhaa, zikiwa zimepauka usisubiri kukuche. Wengine fizi zao ni nyeusi za kuzaliwa, hao vuta kope la chini uangalie ndani ya jicho.