Ukikabidhiwa Mzee Aliyepigana Vietnam

Wengi wetu tuliotoka nyumbani kuja kutafuta maisha huku Georgia, Marekani, tumeanzia kwenye kazi ya kutunza wazee. Marietta kuna Wakenya chungu nzima wanaoifanya. Ukikaa nayo kwa muda, utakabidhiwa mzee aliyepigana Vietnam, na hata wale waliokuwa vijana kabisa kule sasa wamefika miaka sabini.

Wanaoanza kazi huniuliza wamwongeleshe nini mzee wa namna hiyo. Ushauri wangu ni huu: vita viache. Akitaka atavitaja mwenyewe. Wewe muulize alifanya kazi gani aliporudi.

Mzee niliyemtunza kwa muda mrefu aliitwa jeshini kwa lazima, akapelekwa Pleiku, huko Vietnam, kwa mwaka mmoja, kama ilivyokuwa desturi ya zamu za wakati ule. Medali zake alikuwa amezitupia kwenye droo ya jikoni pamoja na betri zilizokwisha na kamba za viatu. Hakuzigusa. Lakini mtajie baraza la mji wake! Alifanya kazi posta hadi akastaafu, kisha akawa diwani, na kulikuwa na karavati moja karibu na kanisa lililokuwa likiziba kila mvua ikinyesha. Alinichorea kwenye bahasha: maji yanaingia wapi, bomba lilipaswa kuwa na upana gani, nani alipinga bajeti. Ningeweza kulijenga mimi karavati lile.

Nilianza kuielewa hali hii vizuri niliposoma habari za Max Cleland, mwana wa Lithonia, mashariki ya Atlanta. Alikuwa kapteni wa jeshi. Tarehe 8 Aprili 1968, karibu na Khe Sanh, Vietnam, alishuka kwenye helikopta, akaona guruneti chini, akainama kuliokota. Likalipuka. Akapoteza miguu yote miwili na mkono wa kulia, akiwa na umri wa miaka 25. Kwa takriban miaka thelathini aliamini guruneti lile lilikuwa lake, kwamba alijilipua kwa uzembe. Mwaka 1999 ndipo askari aliyemhudumia siku ile alipomweleza kuwa lilimdondoka mwenzao.

Hebu fikiria kubeba lawama hiyo huku ukiomba kura. Na aliziomba: aliingia Seneti ya jimbo la Georgia mwanzoni mwa miaka ya sabini, na mwaka 1977 Rais Carter akampa kuongoza idara ya maveterani. Chini yake, mwaka 1979, vilianzishwa vituo vidogo mitaani ambako aliyetoka Vietnam angeingia kuzungumza na mtu bila kulazwa hospitali. Vituo hivyo vipo hadi leo, na kwangu hilo ni kubwa kuliko useneta wake wa Washington.

Ila jambo ninalotaka ulishike ni la baadaye. Mwaka 2002 alishindwa kukitetea kiti chake cha Seneti ya Marekani, na ndipo sonona ikamwangusha. Alirudi Walter Reed, hospitali ileile alikotibiwa majeraha yake, safari hii kutibiwa sonona hiyo. Mwenyewe alilisema hadharani. Kazi ndiyo iliyokuwa imevizuia vita visimfikie, ilipoondoka, vikaingia.

Nimeliona hilo kwa wazee wangu pia. Aliyelala vizuri miaka yote anastaafu, au mkewe anafariki, na usiku wake unaharibika. Familia hushangaa: mbona hakuwa hivi? Basi ukipewa mzee wa aina hiyo, usimfanyie kila kitu. Kama anaweza kufunga vifungo, subiri afunge, hata chai ipoe. Mtafutie la kuhangaikia. Mzee wangu nilimletea ajenda ya baraza kila ilipotoka, akaisahihisha kwa kalamu nyekundu, kisha akampigia karani simu kumsumbua. Karani, Mungu ambariki, alipokea.

Usiku usimguse akiwa amelala. Simama upande wa miguuni, mwite jina, ngoja akuone ndipo umsogelee. Julai 4, sikukuu ya uhuru wa Marekani, mwambie mapema kwamba kutakuwa na fataki, ufunge madirisha. Na wakati Wamarekani wengine wanamshukuru kwa utumishi wake, wewe mwambie “karibu nyumbani.” Ndivyo wanavyosalimiana wao kwa wao, kwa sababu waliporudi wengi wao hawakuambiwa hivyo na mtu.

Halafu kuna makaratasi, ambayo watoto wa mzee mara nyingi hawayajui. Kati ya 1962 na 1971 ndege za Marekani zilimwaga Agent Orange na dawa nyingine za kuua majani juu ya misitu ya Vietnam. (Wavietnam wenyewe ndio waliomwagiwa, na fomu ninazozisema hapa haziwahusu. Inaniuma.) Kwa askari aliyekanyaga ardhi ile, idara ya maveterani inachukulia kwamba kisukari cha aina ya pili, Parkinson, saratani ya tezi dume na baadhi ya magonjwa ya moyo vimetokana na dawa hizo; hahitaji kuthibitisha. Sheria ya mwaka 2022 ikaongeza presha. Kwa hiyo mzee aliyekataliwa zamani kwa sababu ya presha anaweza kuomba upya.

Familia itafute cheti chake cha kutoka jeshini, DD-214. Wakiwa nacho, waende kwa maofisa wa vyama vya maveterani kama American Legion au DAV, wanaojaza fomu hizo bure. Anayedai malipo ya kujaza ombi la kwanza wamkwepe. Na mzee akifariki kwa mojawapo ya magonjwa hayo, mjane wake asiache kuulizia, maana huenda naye akastahili malipo ya kila mwezi.