Usiuze shamba kwa ajili ya sikoseli

Dada wa Tandahimba, umeuliza kama uuze mikorosho uhamie Dar kwa kuwa mwanao wa miaka 4 amekutwa na selimundu (sikoseli), ugonjwa wa damu wa kurithi. Usiuze. Matibabu yake mengi ni ya kila siku na yanawezekana hukohuko Kusini: foliki asidi, penisilini ya kinga mpaka atimize miaka 5, chandarua, maji ya kutosha. Ukienda Ligula au Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mtwara, muulize daktari kuhusu dawa ya haidroksiurea. Hupunguza maumivu na haja ya kuongezewa damu, ila lazima apimwe damu mara kwa mara. Nauli itakula hela, basi uza korosho, siyo shamba.

Kubwa zaidi: mwombe nesi akufundishe kupapasa bandama, chini ya mbavu za kushoto. Ikivimba ghafla na viganja vikapauka, mkimbize hospitali, usingoje kukuche. Homa ikifika nyuzi 38 vilevile, hata kama kipimo kimeonyesha malaria (na wa kukushauri uanze kwa mganga hawatakosekana). Upandikizaji wa uloto (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) upo Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, lakini si kila mtoto anafaa. Kwa kawaida anatafutwa ndugu wa tumbo moja anayelingana naye. Hilo ongea na daktari baadaye.