Je, Chumvi ya Bahari Hutuama Chini?

SWALI: Mimi ni mvuvi wa Tanga. Jarife tukilitega kwenye kina kirefu hutoka na baridi hata mwezi wa Machi, ilhali maji ya juu ni vuguvugu. Wazee hutuambia kwamba baridi hiyo inatokana na chumvi iliyotuama huko chini. Ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, chumvi iliyokwisha kuyeyuka haituami kama mchanga. Kilo moja ya maji ya bahari ina wastani wa gramu 35 za chumvi, ambazo kiasi cha asilimia 85 ni kloraidi na sodiamu, yaani chumvi tunayopikia, na zilizobaki ni salfeti, magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na vingine vichache. Mwaka 1884 mkemia William Dittmar alichapisha uchunguzi wa sampuli 77 zilizoletwa na meli ya Challenger, iliyozunguka bahari za dunia kati ya 1872 na 1876, naye akathibitisha kwamba chumvi ikizidi au ikipungua, uwiano wa viambato hivyo vikuu karibu haubadiliki. Mto Rufiji ukifurika wakati wa masika huyazimua maji yaliyo mbele ya delta yake, na jua kali la Bahari ya Shamu huyakoleza, lakini uwiano ni ule ule.

Kinachoyapanga maji yenu kwa matabaka ni joto zaidi kuliko chumvi. Tabaka la juu hupashwa na jua na kuvurugwa na upepo, hasa wa kusi, na kwa kuwa maji ya moto ni mepesi, huelea juu ya yale ya baridi bila kuchanganyika nayo kwa urahisi. Chini yake upo mkanda ambamo joto hushuka kwa haraka kadiri unavyozama, na baridi ya jarife lenu hutoka huko. Silikanti, wale samaki wa kale wa kina kirefu walioanza kunaswa Tanzania mwaka 2003, huupenda ubaridi huo.

Hata hivyo, wazee wana sehemu ya ukweli. Maji ya kilindini kabisa, yenye nyuzi chache tu juu ya sifuri, hayakupoa hapa kwetu. Yalipoa kando ya Antaktika, ambako bahari inapoganda barafu huiacha chumvi nyuma, na maji yaliyobaki, yakiwa baridi na yenye chumvi zaidi, huwa mazito, huzama, kisha hutambaa sakafuni kuelekea kaskazini kwa mamia ya miaka.