Uga sumaku wa bamba nene: kwa nini jibu lako la ndani limetoka nusu

Swali: Habari injinia. Kwetu Arua ila nasoma umeme mwaka wa 2 hapa Kampala. Tumepewa bamba nene lisilo na mwisho, unene 2a, mkondo unapita sawasawa ndani yake, msongamano J. Nje nimepata uga sumaku B = μ0Ja (μ0 ni ile namba isiyobadilika ya sumaku) na lekchara kakubali. Ndani nikatumia sheria ya Ampere (uga ukijumlishwa kuzunguka kitanzi ni μ0 mara mkondo unaopita ndani yake), nikachora kitanzi cha urefu L kuanzia katikati hadi kimo z, nikaandika 2BL = μ0JzL, nikapata B = μ0Jz/2. Kaweka mkasi na hajasema kwa nini. Nimekosea wapi?

Jibu: Nzuri mdogo wangu, na asante kwa kuniandikia hadi hatua uliyofanya, wengi wananitumia jibu tu halafu nashindwa kujua kosa lilizaliwa wapi.

Kabla hata ya kutafuta kosa, chukua jibu lako upeleke kwenye uso wa bamba, z = a. Ndani linakupa μ0Ja/2, nje ulishapata μ0Ja, yaani ukivuka uso tu uga unaruka mara mbili ghafla. Uga hauwezi kuruka hivo pale, kuruka kwa namna hiyo kunataka mkondo uliobanwa kwenye ngozi nyembamba kabisa na wewe mkondo wako umesambaa kwenye unene wote. Majibu mawili lazima yakutane usoni, na hiyo ni cheki ya sekunde 10, ifanye kila siku hata kwenye mtihani.

Sasa kosa lenyewe liko kwenye ile 2. Ile 2BL uliitoa kwenye hesabu ya nje, ambako upande wa juu wa kitanzi na upande wa chini vina uga sawa kwa ukubwa. Kitanzi chako cha ndani upande wake wa chini umelala katikati kabisa, z = 0, na pale uga ni sifuri, kwa hiyo hauchangii kitu, zile pande mbili za kusimama nazo hazichangii kwa sababu uga umelala na zenyewe zimesimama, unabaki na upande mmoja tu: BL = μ0JzL, basi B = μ0Jz. Ukiweka z = a unapata μ0Ja, yamekutana.

Najua utauliza, mbona katikati sifuri na mkondo unapita hapo hapo? Hapa ndo penyewe, na napenda kupaelezea pole pole. Fikiria rundo la chapati pale kwa muuza rolex (ile chapati ya kukunja na mayai), kila chapati ni karatasi nyembamba ya mkondo. Karatasi moja inatoa uga wa ukubwa ule ule juu yake na chini yake, nusu ya μ0 mara mkondo kwa kila mita ya upana, ila mwelekeo unageuka: kama mkondo unaenda mbele ukikupa mgongo, juu ya karatasi uga unaenda kulia na chini unaenda kushoto (tumia mkono wa kulia, kidole gumba mbele, utaona). Sasa jiweke ndani ya rundo kwenye kimo z. Chapati zilizo chini yako zina unene a + z na zote zinakuvuta kulia, zilizo juu yako zina unene a − z na zote zinakuvuta kushoto, toa, inabaki 2z, zidisha nusu ya μ0J, unapata μ0Jz ile ile. Ukiwa katikati wanalingana nguvu, ndo maana sifuri. Ukitoka nje chapati zote ziko upande mmoja na hakuna wa kuwapinga tena, kwa hiyo uga unabaki μ0Ja hata uende mbali vipi.

Tuweke namba. Unene sentimita 2, J ampea 1 kwa kila milimita mraba: usoni unapata kama militesla 12.6, na nusu ya njia kutoka katikati militesla 6.3. Uga wa dunia hapa Uganda ni mikrotesla 30 na kitu tu, kwa hiyo hapo dira haifai kabisa.

Ila hiyo ya "hata uende mbali vipi" ni ya bamba lisilo na mwisho, usiibebe hivohivo kazini. Ukisimama kwenye ukanda mwembamba wa shaba, mrefu, upana sentimita 10, ukiwa sentimita 1 juu ya katikati yake unapata karibu asilimia 87 ya jibu la kitabuni, ukifika sentimita 10 imebaki kama 30 tu. Halafu umeme wetu ni wa hetsi 50, unageuka geuka, na kwenye shaba mkondo wa hivo unapenda kukimbilia ngozi, kina chake ni kama milimita 9, kwa hiyo bamba nene la sentimita 2 J haiwi sawasawa tena na ile μ0Jz ya ndani inavunjika. Ya nje haivunjiki, kwa sababu yenyewe inajali jumla ya mkondo tu.

Ukimaliza, rudia hesabu kitanzi kianzie chini nje ya bamba kifike kimo z. Pale upande wa chini una μ0Ja yake na mwelekeo wa kinyume, kwa hiyo BL + μ0JaL = μ0J(a + z)L. Ikitoka tofauti na μ0Jz nitumie karatasi nzima niione.