Masharti ya kuandika kazi za hisabati chuoni: yapi yana maana na yapi ni usumbufu mtupu

Mleta mada, pole sana. Umesema uko mwaka wa kwanza, unasoma kalkulasi, na kila wiki mnapewa maswali yenye masharti lukuki: swali linakiliwe lote, uandike upande mmoja tu wa karatasi, kila hatua iwe na mstari wake, jibu liwekwe kwenye kisanduku, kipeuo (kama √2) kisibaki kwenye asili, yaani sehemu ya chini ya mgawanyo, desimali marufuku. Juu ya hapo kuna kazi za kuingiza kwenye mfumo wa mtandaoni, ambao unakataa majibu unayoamini ni sahihi. Umechoka, umekatwa alama, na unauliza kama uiache kozi.

Nimesoma hisabati chuoni, na baadaye nikawa msaidizi wa kusahihisha kazi za mwaka wa kwanza, kwa hiyo masharti haya nimeyatii na nimeyasimamia. Kwa sehemu kubwa una haki ya kukasirika. Lakini umeyatia yote kapu moja, na hapo unajiumiza mwenyewe, kwa sababu baadhi yake ndiyo yanayokupa alama.

Nianze na lile ulilolilalamikia zaidi, la hatua na alama ya sawasawa. Swali linasema: tafuta mwinuko wa x³ pale x inapokuwa 2. Wanafunzi wengi sana huandika hivi:

x³ = 3x² = 3(4) = 12

Msahihishaji anaelewa ulichokusudia. Ila ulichokiandika kinasema x³ ni sawa na 3x², na kwamba vyote viwili ni 12. Kwenye swali fupi hakuna linaloharibika. Kwenye swali refu, nimeona mara nyingi mwanafunzi anarudi juu kuchukua kitu cha kutumia sehemu (b), anakuta kwa mkono wake mwenyewe ameandika x³ = 3x², anakichukua kama kilivyo, na swali zima linaanguka. Angeandika f(x) = x³, chini yake f′(x) = 3x² (f′ ni alama ya mwinuko wa f), chini yake f′(2) = 12, asingepotea. Ingemgharimu mistari miwili tu.

Alama hiyo ya sawasawa yenyewe ilizaliwa na uchovu kama wako. Robert Recorde, mwanahisabati kutoka Wales, kwenye kitabu chake cha mwaka 1557, alieleza kwamba anataka kuepuka kurudiarudia maneno "ni sawa na", jambo lililokuwa linamchosha, akachora mistari miwili sambamba kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hivyo. Miaka mia kadhaa kabla yake, al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad, aliandika aljebra yake yote kwa maneno matupu, hata namba. Maandishi ya hisabati yamekuwa yakibadilika ili kumpunguzia mtu kazi. Kwa hiyo mimi kila sharti nalipima hivi: je, linampunguzia mtu yeyote kazi, anayeandika au anayesoma? Kama halimpunguzii yeyote, basi malalamiko yako ni ya haki.

La hatua kwa hatua linapita kipimo hicho, na faida ni yako. Unapokuwa na rundo la kazi mezani, kila moja unaipa dakika chache. Mwanafunzi ametoka −2(x − 3) akaandika −2x − 6. Kama mstari huo upo, nazungushia ile alama ya kutoa, namkata alama moja, kisha naendelea na namba yake isiyo sahihi hadi mwisho na kumpa alama zote za mbinu. Kama ameruka hatua tatu kichwani na kuandika jibu tu, ninachokiona ni jibu baya. Hata nikitaka kumsaidia, sina pa kushika.

Sasa kipeuo kwenye asili. Hili nalo wengi wanalishurutisha bila kueleza, ndiyo maana linaudhi. Kabla ya vikokotoo, mtu aliyetaka thamani ya 1/√2 alilazimika kugawanya 1 kwa 1.41421 kwa mkono. Jaribu uone inavyosumbua. Ukiigeuza kuwa √2/2, unagawanya 1.41421 kwa 2 na unapata 0.70710 karibu kichwani. Hiyo ndiyo ilikuwa faida kubwa, na leo imekwisha. Kwa hiyo anayekukata alama kwa kuandika 1/√2 kwenye kalkulasi, kwa maoni yangu anakuonea. Ni namba ileile.

Lakini usiitupe mbinu yenyewe. Ukipewa kikomo (yaani thamani inayokaribiwa) cha (√(x + 4) − 2)/x pale x inapokaribia 0, ukiweka 0 moja kwa moja unapata 0/0. Zidisha juu na chini kwa √(x + 4) + 2, juu inabaki x, inafutana na ile ya chini, na kikomo ni 1/4. Ni ujanja uleule wa kuondoa kipeuo, safari hii kinaondolewa juu. Na 1/(√3 − √2), ukiisafisha, inakuwa √3 + √2 tu. Anayefundisha angeanza na mfano kama huu, nusu ya manung'uniko yangeisha.

Desimali sitazibishania. 1.414 ukiizidisha yenyewe unapata 1.999396, si 2, na ukikadiria mapema tofauti hiyo inaweza kukua hatua kwa hatua. Acha √2 ikae kama √2 mpaka mwisho. Swali likitaka kadirio, litasema.

Mfumo wa mtandaoni ndio wenye matatizo ya kweli. Ipo mifumo inayopima jibu lako kwa kuweka namba kadhaa mahali pa x, kwako na kwenye jibu la mwalimu, na kuangalia kama thamani zinalingana. Hiyo huwa inakubali sura yoyote iliyo sahihi. Ipo mingine inayodai sura maalumu, na hapo 2x + 2 inaweza kukataliwa kwa sababu aliyetunga swali alitaka 2(x + 1). Kabla ya kulaumu mfumo, angalia mabano yako. Ukiandika 1/2x, mashine nyingi zinasoma nusu ya x. Kama ulitaka moja chini ya 2x, andika 1/(2x). Kwa niliyoyaona, mabano ndiyo chanzo cha sehemu kubwa ya majibu "sahihi yaliyokataliwa".

Ukishahakikisha mabano, jipime mwenyewe: chukua namba isiyo ya kawaida, tuseme x = 1.7, iweke kwenye jibu lako na kwenye jibu la mfumo, linganisha. Usitumie 0 wala 1, hizo zinaficha makosa. Na kwenye intigrali, yaani kinyume cha kutafuta mwinuko, kuwa mwangalifu zaidi. Intigrali ya 2 sin x cos x mmoja atapata sin²x + C, mwingine −cos²x + C (C ni namba yoyote isiyobadilika), na wote wako sahihi. Ukiweka 1.7 bila C, thamani hazitalingana, zitatofautiana kwa 1 kamili, na zitatofautiana kwa 1 kwa namba yoyote utakayoweka, maana sin²x + cos²x = 1. Tofauti isiyobadilika inamezwa na C. Nimekaa na wanafunzi waliofuta kazi nzuri kabisa na kuanza upya kwa sababu tu jibu la nyuma ya kitabu lilikuwa na sura nyingine, na inaniuma kila nikikumbuka, kwa sababu walikuwa wameelewa na wakaambiwa hawajaelewa.

Kunakili swali lote, upande mmoja wa karatasi, pambizo, stepla: haya ni ya kumrahisishia msahihishaji, hasa kazi zikiskaniwa. Yafanye bila kuyafikiria sana. Ila usiyafanye wakati unatafuta jibu. Tatua kwanza kwenye karatasi chafu, vuruga utakavyo, kata, rudi nyuma. Ukimaliza, funika ile chafu na uandike nakala safi kutoka kichwani, ukichungulia pale tu unapokwama. Pale ulipolazimika kuchungulia ndipo ambapo hujaelewa vizuri, na kazi ya kunakili uliyoiona ya bure inakuwa marudio ya mtihani.

Vivyo hivyo kama mnalazimishwa kuchapa kwa LaTeX, programu ya kuchapa hisabati iliyojengwa juu ya TeX. Donald Knuth, mwanasayansi wa kompyuta, alianza kutengeneza TeX mwaka 1977 kwa sababu nakala za majaribio za kitabu chake kilichokuwa kinachapwa upya zilimchukiza kwa ubaya wake. Alikuwa na kitabu kilichokamilika, akatafuta namna ya kukipendezesha. Wewe pia maliza hisabati kwanza kwa kalamu. Tengeneza faili moja lenye vichwa na mipangilio yote, wiki ijayo badilisha maswali tu.

Kuhusu kuongea na mhadhiri: ongea, lakini nenda na kitu mkononi. Sisi tulikuwa na mhadhiri aliyekata alama kila swali lililokosa kisanduku. Tulimwendea wachache na kazi zetu, tukamwonyesha kwamba mtu aliyekosea hesabu na mwenye hesabu safi bila visanduku walipata alama zilezile. Hakubishana. Alitenga alama chache za mwonekano kwa kazi nzima, basi. Mwingine, wa somo jingine, alikataa katakata, na kwake tulichora visanduku hadi mwisho wa muhula. Omba mambo mawili: orodha ya masharti yote kwa maandishi mwanzoni mwa kozi, na alama za mwonekano zihesabiwe peke yake, zisiingie ndani ya kila swali.

Kozi usiiache kwa hili. Chukua kazi zako zilizorudi, pembeni ya kila alama iliyokatwa andika kama ni ya mwonekano au ni ya hesabu, halafu jumlisha. Kama nyingi ni za mwonekano, orodha hiyo ndiyo ya kwenda nayo ofisini kwake. Na lile swali la intigrali ulilolitaja kwamba mfumo umelikataa, lipime leo kwa 1.7, na kwa namba nyingine mbili. Ukikuta tofauti ni ileile zote tatu, mtumie mhadhiri hesabu hiyo kabla hajafunga alama za wiki.